Siku Mbili za Bibi Sikudhani

Ukishuka treni pale Itigi, banda la Luciana utaliona kabla hujamaliza kukusanya mizigo yako. Ni chai, maandazi na supu ya mbuzi, basi. Mlangoni alikuwa ametundika ubao mweusi wa kuandikia vyakula, lakini kwa kuwa vyakula vyenyewe havikubadilika tangu afungue banda, hakuna aliyehangaika kuusoma.

Asubuhi moja ya Aprili redio ilikuwa ikieleza habari za ile meli kubwa ya Wazungu iliyozama zamani, tarehe kama ile, baada ya kugonga mwamba wa barafu. Luciana akafuta "supu ipo", akashika chaki akaandika: "Siku kama ya leo meli kubwa ilizamishwa na barafu. Sisi Itigi barafu tunaitafuta, hata ya kupozea soda hatuioni."

Watu wakasimama kusoma. Waliosoma wakacheka, na waliocheka wakaingia kunywa chai. Tangu hapo hakuacha tena. Sikukuu ya Muungano ilipofika, aliandika kwamba nchi mbili zilioana siku hiyo na mpaka leo zinaishi pamoja, kwa hiyo Gasto ajiulize yeye alishindwa wapi. Gasto, fundi baiskeli aliyekuwa ameachwa na wake wawili, alisoma mpaka mwisho, akaguna, akaagiza supu. Luciana hakuwa akimtania mtu asiyekunywa chai yake.

Januari mosi ndiyo iliyomponza. Watu wazima wengi wa huko walizaliwa nyumbani, tarehe isiandikwe popote. Walipokwenda kuchukua vitambulisho, kila asiyejua siku yake aliandikiwa Januari mosi. Luciana akaona hapo pana cha kuchekesha. Akaandika: "Leo ni siku ya kuzaliwa ya nusu ya Itigi. Njoo na kitambulisho upewe andazi la bure."

Alidhani watu watacheka na kupita. Walikuja. Walikuja na vitambulisho mkononi, wengine na vya wenzao, na sinia likawa jeupe chai haijachemka. Luciana akabaki anacheka huku amejishika kichwa.

Andazi la mwisho alikuwa amelificha kwa ajili ya Bibi Sikudhani, muuza asali wa ng'ambo ya barabara, ambaye kitambulisho chake nacho kilisema Januari mosi. Akampelekea mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Sikukuu njema ya kuzaliwa."

"Marahaba, mwanangu. Hilo mpe mwingine. Mimi sikuzaliwa leo." Alikuwa akifuta chupa za asali kwa kitambaa, wala hakuinua uso. "Wajukuu zangu wote wana siku zao. Wanaimbiwa. Mimi nina siku ya kugawiwa, kama sare."

Luciana akaona aibu. Akavuta ndoo, akaikalia.

"Mama yako hakuwahi kukuambia chochote?"

"Aliniambia. Baba alikuwa mbeba mizigo hapo stesheni. Mama kashikwa na uchungu, baba hayupo, yuko kwenye redio ya bwana stesheni na wenzake. Kunakaribia kupambazuka, mimi ndiyo kwanza nimetoka, baba anaingia mbio: watu wametembea mwezini! Akaketi chini anarudia tu, 'Sikudhani, sikudhani.' Mkunga akajua anamtaja mtoto. Jina likabaki hilo."

Luciana alicheka hadi machozi, na safari hii bibi naye akacheka.

"Sasa bibi, siku yako si hiyo? Watu kutembea mwezini si jambo la kusahaulika."

Jioni ile alimuuliza Mzee Chediel, mwalimu mstaafu, mteja wake wa kila siku. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema ilikuwa tarehe ishirini Julai, mwaka sitini na tisa. Luciana akakaa na siri hiyo miezi yote, na kwake yeye kukaa na siri ilikuwa kazi kuliko kusukuma maandazi.

Julai ishirini ubao ulisomeka hivi: "Siku kama ya leo watu wawili walitua mwezini na mmoja akatua Itigi. Wale wa mwezini walirudi kwao. Wetu yupo hapo ng'ambo, anauza asali."

Bibi Sikudhani alivuka barabara akiwa na kitenge kipya ambacho wanawake wa sokoni, waliousoma ubao mapema, walikuwa wamemnunulia. Aliusoma ubao polepole, herufi kwa herufi, akajifuta macho na ncha ya kitenge. Mwalimu Chediel akapiga hesabu, akamwambia kwamba kumbe kitambulisho kilimzeesha miaka mingi. "Ndiyo maana magoti yalikuwa yakikataa kukiamini," bibi akasema.

Wakiwa kwenye pilau ambalo Luciana alilipika kwa ajili ya siku hiyo, Paschal wa stesheni akaharibu. Alikuwa ameshika simu.

"Samahanini. Hapa wanasema walitua tarehe ishirini, lakini kushuka na kutembea, kwa saa za kwetu ilishakuwa alfajiri ya ishirini na moja."

"Kutua ndiyo kufika," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, treni ikifika na wewe hujashuka, umefika?"

Banda likagawanyika. Gasto akawa upande wa treni, wauza mahindi upande wa Mwalimu, na Luciana akawa anautazama ubao wake kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai ya wageni.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Nimekosea siku."

Bibi Sikudhani alimeza tonge lake kwanza.

"Maisha yangu yote sikuwa na hata moja. Leo nina mbili, nikatae? Kesho nakuja tena. Pilau libaki."

Akaja kweli, na kitenge kilekile, na pilau lilikuwa limebaki.

Wiki hiyo watu walianza kufika bandani asubuhi mapema wakiwa na mambo mengine. Mmoja alisema alizaliwa mwaka wa nzige, msimu wa asali. Stefano mchunga mbuzi alijua tu kwamba siku aliyozaliwa yeye, ng'ombe wa jirani alitumbukia kisimani, akataka kujua ni tarehe ngapi. Luciana akamkaribisha kwenye benchi, akammiminia chai, akamuuliza kama huyo jirani bado yu hai.