Mama Kitambulisho

Karani wa masjala ya zahanati yetu hamwamini mtu. Kidole gumba chake kina wino wa muhuri usiotoka hata kwa sabuni, na salamu yake kwa kila binadamu ni moja: "Kitambulisho." Siku mumewe alipomletea funguo alizosahau nyumbani, alimdai kitambulisho, na yule bwana akakitoa. Kwa hiyo siku ya Jumanne, barua pepe ilipomwambia kwamba akaunti yake itafungwa asipotuma neno lake la siri, ungeapa kwamba tapeli amegonga mwamba. Wapi! Alilituma herufi kwa herufi, akamalizia na "Asante, siku njema."

Alipogundua, hakulia wala hakutafuta wa kumsingizia. Alibadilisha neno la siri, akampigia fundi wa kompyuta afunge mafaili ya wagonjwa, kisha akaichapa ile barua, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuibandika ubaoni, chini yake ameandika kwa wino mwekundu: "Nimeingizwa mjini. Ukiipata hii, usijibu. Kama umeshajibu, njoo dirishani kwangu." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Daktari mkuu ndiye aliyecheka kuliko wote: "Mama Kitambulisho kapigwa!"

Mchana, foleni ilipokwisha, nilimwona daktari huyohuyo ameinama dirishani kwa karani, ananong'ona kama mgonjwa mwenye ugonjwa wa aibu: "Mama, na aliyejibu tangu jana, je?"

Karani hakucheka. Alivuta daftari, akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya, na bila kuinua macho akasema: "Kitambulisho."