Jino la Tangsteni

"Hakuna chuma kisichosikia moto," baba alisema, nami nikaudhika papo hapo.

Tulikuwa Matinyani, kwenye kibanda anakofulia majembe na kuyeyushia vyuma chakavu. Kisima tulichokuwa tukichimba kilikuwa kimegonga mwamba, na ncha ya mtaimbo haikumaliza asubuhi moja bila kuwa butu. Mama, goti limevimba, bado alishuka mtoni kila siku akabeba mtungi wa lita ishirini mgongoni. Sasa wachimbaji wa mashine walikuwa wamemwachia baba meno matatu ya tangsteni, metali ngumu kupindukia, yaliyong'oka kwenye mashine yao, naye akataka kuyayeyusha yawe jino moja kubwa la mtaimbo.

Na mimi ndiye niliyesomea metali chuo kikuu, jamani!

Nikamweleza. Tangsteni tupu yaweza kuyeyushwa kwa umeme ndani ya chombo kisicho na hewa, lakini ikipoa huvunjika ovyo. Meno kama haya hayamiminwi kabisa: ni unga wa tangsteni na kaboni, unatiwa metali ya kobalti kidogo, unashindiliwa kwenye kalibu, kisha unaokwa mpaka ushikane.

"Unga?" Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mwite mama yako aukande."

"Baba, makaa yako hayafiki hata karibu na joto hilo!"

"Vitabu vyako vimewahi kuchimba kisima?"

Nilikasirika, nikaenda zangu nyumbani nikanuna. Ngoja ajionee, nilijiambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii mkuu nilikuwa mimi.

Alivukuta siku mbili. Gunia zima la makaa likaisha, chungu chake cha kuyeyushia kikapasuka. Meno yakatoka matatu vilevile, yamekuwa meusi tu.

"Si nilikuambia!"

Baba aliketi chini, hakunitazama. "Uliniambia njia za watu wenye mashine. Mimi nataka tu jino likae kwenye mtaimbo."

Hapo ndipo akili iliponirudia, na niliichukia. Jino halihitaji kuyeyushwa. Unayeyusha shaba ya kufuli kuukuu, unalibandika nayo kwenye chuma, na kwa shaba makaa yanatosha. Ilikuwa ukurasa mmoja kwenye kitabu changu, na kwa kununa sikuwa nimeufungua. Nikamwambia.

Alitazama gunia tupu.

"Hilo ulilijua tangu juzi?"

Mama alikuwa anapanda kutoka mtoni, akisimama kila hatua chache kushika goti.

"Nililijua," nikasema.