Kifudu Hewani

Kahonzi alipokuja redioni mara ya kwanza hakuja kuomba nafasi, alikuja kulalamika. Redio ya chuo chetu imo katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi, na feni huzimwa kila maikrofoni inapowashwa, kwa hiyo mtangazaji mzuri kwetu ni yule anayejua kutoka jasho kimyakimya. Alisimama mlangoni na begi lake begani, msichana wa mwaka wa pili, akasema kwao ni Kakuyuni, mawimbi yetu yanafika huko, bibi yake hutusikiliza kila asubuhi, na tangu tufungue hatujawahi kuitaja Kakuyuni hata kwa bahati mbaya.

Mhariri wa vipindi nilikuwa mimi, Rufaida, mtu wa Mambrui. Sisi wa Mambrui tuna ugonjwa wa kudhani kwamba Kiswahili ni chetu na wengine wote wamekiazima. Nilimsikiliza anavyotamka, nikajisemea huyu taarifa ya habari hatoisoma. Nikampa kazi niliyoiona ndogo: azunguke na simu yake arekodi sauti za kwao, tuzitie hewani dakika tano kila Jumamosi. Nilidhani atachoka baada ya wiki mbili.

Hakuchoka. Alituletea korosho zinavyopasuka juu ya bati la moto, wanawake wakitwanga mahindi kwa zamu, baba mmoja akimbembeleza punda aliyegoma njiani. Ukiwasha redio ulijua uko wapi. Yule msichana alikuwa na sikio, na wengi wetu pale tulikuwa na midomo tu.

Mwezi wa Mei Mwalimu Abdalla, mlezi wa redio, akatangaza kuwa saa nzima ya Jumamosi asubuhi iko wazi. Kila mwombaji angerusha kipindi kimoja cha majaribio, kamati ichague. Kahonzi aliitaka saa ile mpaka nikamwonea huruma. Alitaka kuiendesha kwa Kigiriama.

"Hawe hajui kusoma," aliniambia. Hawe ni bibi kwa lugha yao. "Nilipoingia chuo aliniuliza nasomea nini, nikashindwa kumweleza. Akinisikia saa nzima, ataelewa."

Kipindi chake kilikuwa kizuri ila mwisho wake ulipooza. Ijumaa mchana tukakaa kutafuta kitu cha kufungia. Nikachukua simu yake, nikaanza kupekua bila kuuliza, na humo nikakutana na sauti ya mwanamke mmoja anaanzisha, wengine wengi wanampokea, na chini yao mlio mzito wa vyungu. Nywele zilinisimama.

"Hii hapa," nikasema.

Kahonzi akavua visikilizio. "Hicho ni kifudu. Cha hanga, cha msibani. Anayeanzisha ni bibi yangu, Hawe Pola, nilirekodi tulipomzika dada yake. Aliniruhusu kiwe cha masikio yangu tu."

"Ni wimbo, Kahonzi."

"Hakiimbwi bila maiti."

"Na nani ataimba? Itakuwa ni redio tu."

Nilijiona mwerevu sana. Yeye akawa anakunjakunja waya wa visikilizio, na mimi nikadhani amekubali. Alikuwa akiipima saa yake ya Jumamosi na kitu ambacho mimi sikukiona. Mwisho akasema, "Haya, weka." Nikaweka.

Kesho yake saa mbili asubuhi kikaruka, na Mwalimu Abdalla akapiga meza kwa furaha. Kakuyuni hakukuwa na furaha. Huko kifudu kikisikika, kuna aliyekufa, na sauti ile kila mtu aliijua ni ya nani. Wanawake waliacha majembe shambani wakaja kwa Hawe Pola na unga, kuni na ndoo za maji kichwani, wengine tayari wanalia. Walimkuta ameketi, redio mapajani, ameizima. Aliwaambia hakuna msiba, na kwa muda mrefu hawakumwamini.

Walipojua ni redio ya chuo, hakuna aliyecheka. Kwa wanawake wa kifudu, wimbo ulioitwa bila maiti huenda ukamtafuta maiti wake mwenyewe. Na nani aliyeutoa nje? Mwenye sauti. Hawe Pola alikuwa ameanzisha nyimbo zile kwa miaka thelathini. Wakamwambia akae kando. Likitokea hanga ataanzisha mwingine, mpaka neno lirudishwe palepale lilipotolewa.

Kahonzi alipigiwa simu na mamake. Jumatatu nilimkuta amesimama mbele ya ubao wa matangazo, na ubaoni jina lake limeandikwa: saa ya Jumamosi ni yake. Nikamkumbatia, akabaki mkavu kama gogo, kisha akanieleza yote.

Kusema kweli, kwanza nilikasirika. Nikampigia mama Mambrui nikitaraji acheke nami. Hakucheka. "Rufaida," akasema, "mtu akishika kipaza sauti cha msikiti akatangaza kifo cha aliye hai, halafu akasema alikuwa anajaribu mitambo, wewe utamfanyaje?" Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Mwalimu Abdalla si mtu mbaya, lakini alikuwa na kamati yake. Kahonzi alipoomba wimbo ufutwe, alimwambia aombe radhi hewani akitaka, ila kilichochaguliwa ni kipindi kile pamoja na wimbo ule. Akikifuta, hakuna kilichochaguliwa, na saa itakwenda kwa Mwaro, mtangazaji wa michezo. Kahonzi aliuliza kama anaweza kupewa dakika tatu tu za Jumamosi. Akapewa. Akakifuta kipindi mbele yetu, kwenye kompyuta kwanza, kisha na wimbo kwenye simu.

Jumamosi nikazima feni. Alisema kwa Kigiriama, akarudia kwa Kiswahili: "Mimi ni Kahonzi, mjukuu wa Pola wa Kakuyuni. Hakuna aliyekufa. Wimbo ule niliutoa nje bila ruhusa nikauweka mahali si pake. Hawe hakujua. Kosa ni langu peke yangu. Nalirudisha neno."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, kidole juu ya kitufe cha maikrofoni ya pili. Nilikuwa na la kusema, na kitufe kilikuwa chepesi. Nikajiambia dakika hizi ni zake, si adabu kumwingilia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi adabu ya kusingizia.

Mwaro akapata saa, akaijaza mpira. Mimi nikabaki mhariri wa vipindi. Kahonzi akarudi na dakika zake tano, wala hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ya tatu jirani yao alifariki, na wanawake wakatuma mtu kumwita Hawe Pola aje kuanzisha. Kahonzi alikuwa anang'aa aliponiambia. Nikamwomba twende wote.

Tulipofika msibani nilimkuta bibi chumbani akijifunga hando, ile sketi ya marinda ya kina mama wa Kigiriama. Kahonzi alikuwa nje akichota maji. Nikapiga goti. "Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawe, aliyesema wimbo uwekwe si Kahonzi. Ni mimi. Yeye alinikataza, na simu niliipekua bila ruhusa yake."

Mikono yake ikasimama kwenye mkanda. "Redioni alisema ni yeye peke yake."

"Alinificha."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale."

Alimaliza kufunga hando taratibu. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa nafuu kwangu kama ningeiona. "Basi neno halijarudi lote," akasema. "Limerudi nusu."

Nje walimwita. Alitoka, akawapita waliomwachia nafasi mbele kwenye vyungu, akaenda kuketi nyuma kabisa. Wakashangaa. Akawaambia leo yeye ataitikia tu, aanzishe mwingine. Kahonzi aliweka ndoo chini akamtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi mlangoni, na sikuhitaji kumweleza chochote. Akaanzisha mama mwingine. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ile.

Jumamosi nilimwomba Mwaro dakika tatu. Alinung'unika, akanipa. Kahonzi alikaa upande wangu wa meza, mimi nikakaa upande wake. Akazima feni, akaninyooshea kidole kwamba niko hewani.

"Mimi ni Rufaida," nikasema, "wa Mambrui."