Vijiko Vinne kwa Sado Moja

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nyumba hii ya bati nimeijenga kwa maharage. Nikisema jambo kuhusu maharage, nisikilizwe.

Mbegu yangu ni ile nyekundu yenye michirizi, niliyopewa na mama siku naolewa huku Ileje. Bondeni kwetu hakuna mwingine mwenye nayo. Mwaka mmoja fukusi waliitoboa karibu yote, nikabaki na sado mbili, vile vindoo vidogo vya kupimia sokoni. Wakirudi tena, basi, mbegu ya mama imekwisha.

Majirani walinishauri nipake dawa ya unga ya dukani. Nikakataa. Kwetu msiba ukiingia ghafla na chungu hakina kitu, unachota kwenye mbegu hiyohiyo unapikia watu. Siweki sumu mahali ninapochota chakula.

Siku ya soko Isongole nikamwona mama mmoja wa upande wa Malawi akiuza kunde. Zinang'aa kama viatu vilivyopigwa kiwi, tundu hata moja hakuna. Nikamuuliza kazifanyaje. Akasema kazipaka mafuta ya alizeti. Fukusi hapati pa kutagia, na mayai yake yanakosa pumzi. Nikashukuru, nikaondoka. Kiasi sikuuliza. Mimi mwenye mashamba yangu, nimuulize mgeni kiasi cha mafuta?

Nyumbani kulikuwa na mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga maandazi. Nikayamimina kwenye sado moja, nikakoroga. Ya pili, nadhani Mungu alinishika mkono, nikaiacha. Hazikupita wiki mbili harufu ikafika uani. Sisimizi wamejipanga foleni kama malori ya mpakani Tunduma. Nikafukia punje kumi nyuma ya jiko kujaribu. Haikuota hata moja.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa ng'ambo ya kijito. Akaja, akachungulia.

"Wifi, mafuta umeshaweka," akasema. "Kitunguu kiko wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Hadi jioni maneno yalikuwa yamefika kisimani. Wanawake wananiuliza kama mboga imeiva.

Sado moja ndiyo iliyobaki. Hapo nikameza kiburi, nacho kina mifupa. Soko lililofuata nikatembea hadi Isongole, nikamtafuta yule mama.

"Dada," nikamwambia, "juzi nilijifanya najua. Nionyeshe."

Hakunicheka. Akanionyesha kwa mikono yake. Kwanza unachambua zilizotobolewa, unaanika, zinakauka kabisa. Mafuta yawe mapya, ambayo hayajaingia jikoni. Vijiko vinne vya chai kwa sado moja, basi. Halafu ni kusugua kwa viganja, mpaka kila punje ing'ae na viganja vyako vibaki vikavu.

Nilisugua mchana mzima, mabega yakauma. Nikafunga ndoo, sikuigusa hadi mvua za kupandia. Siku ya kuifungua nilimwita wifi makusudi. Nikamwaga maharage kwenye ungo mbele yake. Unga wa fukusi hakuna. Akayapekua kwa vidole, akayapekua tena, anatafuta tundu la kunichekea. Hakulipata. Akasema tu kwamba kuota ni jambo jingine.

Yakaota. Mistari imejaa kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na nilipanda kando ya njia anayopita wifi kwenda kanisani. Ile sado ilinipa ndoo tatu. Zote nikazisugua.

Mwaka huu fukusi wamekula kwake. Juzi nikamwona anavuka kijito, kabeba sado ya maharage kichwani na chupa ya alizeti mkononi. Akaitua sado, akaketi.

"Wifi, unaweka kiasi gani?"

Nikamwambia vijiko vinne, nikamsogezea ungo, tukasugua pamoja. Yeye kauliza kabla hajamimina. Hapo kanishinda, nakubali. Lakini anayeulizwa ni mimi.