Moshi wa Handaki la Pugu

Sina namna nzuri ya kulisema, kwa hiyo nalisema tu: mie ndiye niliyemkausha Bwana Injinia kwa moshi kama samaki, tena ndani ya handaki nililolipangia hewa mwenyewe.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, huko Pugu, mbele ya Gongo la Mboto, nami kijana wa bara mwenye cheti cha sekondari na kiburi chake. Barabara ya malori ilipita chini ya kilima, ikahitaji tundu la kutolea moshi, lakini juu kulikuwa na makaburi, nani ayaguse, kwa hiyo tundu likaenda mshazari na kutokea upande wa baharini, jirani na jiko la Bi Mwanahawa muuza supu. Nikapima upepo siku sita, kila siku alfajiri (nilikuwa nakimbia jua, basi), nikaona unatoka bara, nikauelekeza mdomo wa tundu baharini.

Siku ya majaribio Injinia akachelewa hadi saa tisa mchana. Nikawasha makumbi mabichi ya nazi chini ya tundu, mbele yake na mbele ya Jumbe, mkuu wa kijiji, mwenye kanzu nyeupe. Moshi ukapanda, ukasita, ukarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Aliyekimbia wa kwanza (nakiri) ni mie, nikawaacha wakubwa wakikohoa, nikaibukia kwa wateja wa supu, na mmoja akanikaribisha: "Kaa, bwana hewa, upumue."

Injinia akatoka, nyuma yake Jumbe na kanzu ya rangi ya chungu. Injinia akanyoosha mkono nimrudishie michoro. Nikajua kazi imekwisha, na wadogo zangu walisoma kwa kazi ile.

Bi Mwanahawa akaja na upawa wake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Ungeniuliza, baba. Asubuhi upepo hutoka bara, mchana hutoka baharini. Dirisha langu lile la baharini nalifunga adhuhuri, nafungua la pili." Kisha akamgeukia Injinia: "Mwache huyu. Ukimfukuza, atakayekuja naye atapima asubuhi."

Injinia akacheka mpaka akakohoa upya. Nikapewa wiki moja, nikauinua mdomo kwa matofali, nikautia vilango viwili, kimoja cha bara, kimoja cha bahari, na Bi Mwanahawa akawa anavifunga na kuvifungua pamoja na madirisha yake.

Nimetangatanga sana tangu hapo, Tanga, Kigoma, Mbeya. Kila nifikapo naacha kipimo cha upepo sandukuni, namtafuta anayepika, namwamkia, naagiza supu, namwuliza adhuhuri hufunga dirisha lipi.