Bibi Aliposoma Mimbarini

Harufu ya vanishi kwenye mbao hunirudisha kanisani kwetu, Sengerema. Katekista alitufundisha kwamba anayesoma mimbarini humwazima Mungu sauti yake.

Jumapili ile alisoma bibi yangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kijijini walishaanza kunong'ona kwamba ni macho ya mchawi.

"Neno la Bwana," akamaliza.

Kanisa zima likanyamaza. Akaishika mimbari kwa mikono miwili, akarudia. Mama peke yake ndiye aliyejibu, "Tumshukuru Mungu."

Nje nilimwamkia jirani yetu, "Shikamoo." Hakuitikia, alikuwa akimtazama bibi.

Mama akatushika mikono. "Twende moja kwa moja kivukoni. Nyumbani tusipite."

"Na kuku wangu?" bibi akauliza.

"Waache, mama."