Benchi Nililolibeba Hadi Waithaka

Katika darasa letu la fiziolojia ya mazoezi tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Siku ya kwanza ya maabara, mhadhiri alisimama kando ya baiskeli iliyokazwa sakafuni kwa skrubu, akatueleza jinsi tutakavyopima kazi ya moyo na mapafu. Mtu angekanyaga pedali huku bomba la mpira likiwa kinywani na pua imebanwa, na pumzi yake yote ingeingia kwenye mfuko mkubwa wa turubai ulioning'inia ukutani. Akauliza ni nani atakayejitolea. Nikainua mkono. Nikatazama nyuma, nikaona hakuna mwingine aliyeinua.

"Wewe utaandika," aliniambia. "Mwandiko wako ni mzuri."

Mwandiko wangu hakuwa ameuona bado.

Basi nikaandika. Mihula miwili wavulana walipokezana juu ya ile baiskeli, wakatoka jasho na kujisifu, nami nikakaa kwenye stuli nikijaza mapigo ya mioyo ya watu wengine. Wakati huo ilikuwa miaka ya themanini inaelekea kwisha. Nyumbani kwetu, mtaa wa Woodley, Baba, aliyekuwa karani wa wizara, alikuwa amewatangazia wenzake kazini kwamba bintiye atasomea udaktari. Barua ya chuo ilipofika ikitaja elimu ya viungo, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo mgeni akiuliza ninasoma nini, Baba alijibu "sayansi", kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Jirani yetu mmoja hakujali kuficha. Alimuuliza Mama mlangoni, nami nikiwa nimesimama palepale, "Kwani mtu anaenda university kufundishwa kuruka kamba?"

"Huyu anafundishwa kwa nini moyo wako unadunda hivyo ukipanda ngazi," Mama alisema. "Wewe unajua ni kwa nini?"

Jirani akaaga, akaenda zake.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeichagua kozi ile, na sikumwambia Baba hivyo hadi baadaye sana. Nikiwa sekondari nilianguka katika mbio za nyika, na mwalimu wa michezo akasema mbele ya shule nzima kwamba mwili wa msichana haukuumbiwa masafa marefu. Nilikuwa nimeanguka kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilitaka mtu anionyeshe hiyo sheria ya mwili imeandikwa wapi.

Mwaka wa pili, alasiri moja, mvulana aliyekuwa apimwe hakutokea. Alikuwa mchezaji wa raga na alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Mhadhiri alikuwa mkutanoni. Maabara tulibaki wawili, mimi na fundi wa vifaa, mzee wa Kisikh mwenye kilemba cha samawati ambaye ndiye pekee aliyejua kuirekebisha ile mashine ilipogoma.

"Mzee," nilimwambia, "nataka kupanda."

Alinitazama kidogo, akafungua skrubu ya kiti na kukishusha. "Panda. Lakini mpaka mwisho. Ukiacha katikati, mimi napoteza hewa bure."

Nikauma mpira, akanibana pua, nikaanza kukanyaga. Dakika za mwanzo zilikuwa rahisi kiasi cha kunitia kiburi. Halafu akaongeza uzito, akaongeza tena, na mapaja yakaanza kuwaka moto. Hapo ndipo mhadhiri alipoingia.

"Nani amekuruhusu?"

Sikuweza kujibu, kinywa kilikuwa kimejaa mpira. Nikanyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani, halafu nikainua vidole vitatu. Zilibaki dakika tatu. Nikaendelea kukanyaga.

"Mashine haijui nani amekaa juu, daktari," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mfuko.

Nilipomaliza, miguu ilikuwa ikitetemeka na sketi imenigandama. Mhadhiri alichukua karatasi yangu, akaisoma, akapiga mstari wa kalamu kutoka kona hadi kona.

"Hizi hatuzitumii. Mwili wa mwanamke hubadilika kila wiki. Ukimpima leo na ukimpima wiki ijayo, unapima watu wawili."

"Nani alipima akaona hivyo, daktari?"

"Inajulikana," alisema.

Neno hilo nilitembea nalo mwaka mzima. Wakati wa kuchagua mada za utafiti ulipofika, niliandika kwamba nitapima mapigo ya moyo ya wasichana baada ya kazi ileile, siku baada ya siku, wakiwa katika hedhi na wasipokuwa. Alinirudishia karatasi akasema baiskeli yake haitahusika. Nikaenda kwa seremala wa Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, nikamchorea benchi fupi na pana.

"Ni la kukaliwa na watu wangapi?" aliuliza.

"Si la kukaa. Ni la kupanda na kushuka."

Alilitengeneza zito kama kaburi, na miguu yake haikuyumba hata siku moja.

Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wasichana. Kupanda na kushuka benchi dakika tano kabla ya staftahi hakuna aliyeona tabu. Tabu ilikuwa kuniambia siku zao, nami niziandike. Bwenini waliniita kando, wakaniambia mambo haya hayaandikwi. Aliyekubali wa kwanza alikuwa msichana mrefu wa Waithaka, mwalimu mtarajiwa, mwenye sauti iliyosikika ukumbi mzima.

"Andika," alisema. "Nimechoka kunong'ona kama mwizi."

Baada yake wakaja wengine watano.

Tulikuwa hatujafika mbali chuo kilipofungwa kwa sababu ya fujo za wanafunzi, tukapewa saa chache za kufunga virago. Watatu kati ya sita walipanda mabasi kwenda kwao mbali, na sikuwa na njia ya kuwafuata. Waliobaki ni wawili wa Riruta na yule wa Waithaka. Mtu mwenye busara angeacha. Mimi nililifunga benchi kwa kamba, nikalibeba mgongoni.

Kila baada ya siku moja niliondoka Woodley kunapopambazuka, nikashika Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha Riruta, kisha Waithaka. Siku za mvua tope jekundu lilinifika magotini. Watu waliniuliza bei. "Siuzi," nilijibu, nikapita. Kijana mmoja wa duka la maziwa alizoea kunisalimu kwa kelele, "Sasa, mama benchi," na mwishowe nikaitika.

Asubuhi moja kule Waithaka mama yake yule msichana alikuwa akielekea zizini na mzigo wa nyasi kichwani, akasimama kututazama. Binti yake alikuwa akipanda na kushuka, nami nikihesabu kwa sauti.

"Hiyo mnatafuta nini?" aliuliza.

Nikamweleza yote, pamoja na alichosema mhadhiri. Alisikiliza hadi mwisho bila kuutua mzigo.

"Mimi nimelima siku hizo zote," alisema. "Nimebeba maji, nimebeba hizi nyasi. Hakuna mtu aliniambia niketi. Kwa kazi tuko na nguvu, kwa baiskeli ndiyo tunakuwa wagonjwa?"

Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa ukurasa, ingawa hayakuwa kipimo.

Jioni ya wiki hiyohiyo Baba alilikuta daftari mezani, akalisoma.

"Haya ni mambo ya kuandikwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na yatasomwa na wanaume?"

"Wao ndio waliosema yanajulikana. Wacha wayasome."

Alilifunga, akaliweka polepole, na hakunisemesha kwa siku nyingi. Sikumwomba radhi. Mama alinipakulia chakula kama kawaida, na kila nilipoondoka alfajiri nilikuta chai imeshachemshwa.

Chuo kilipofunguliwa nilisimama mbele ya watahini wanne, wote wanaume, nikiwa na chati nilizochora kwa kalamu ya rangi. Nilisema nilichokiona: mioyo ya wale watatu haikufuata kalenda kama tulivyofundishwa. Kilichoiharakisha zaidi ni usiku wa kukosa usingizi, na kwa yule wa Waithaka, asubuhi alizokuwa ameshachota maji kabla sijafika.

"Huoni haya kuleta mambo haya hapa?" mmoja aliniuliza.

"Tulipima mkojo wa timu ya mpira mwaka jana, na mimi ndiye niliyeandika," nilijibu. "Hakuna aliyeniuliza kama naona haya."

Mhadhiri wangu alisubiri hadi wengine walipomaliza. "Watu watatu," alisema. "Unataka kupindua vitabu kwa watu watatu."

"Ni wachache, daktari. Hawathibitishi kitu, na nimeandika hivyo. Lakini vitabu vyako havikumpima hata mmoja wao."

Baadaye aliniita ofisini. Alikuwa mtulivu, karibu mpole. Aliniambia naweza kurudia utafiti na wachezaji wa kandanda, baiskeli ipo, na alama zitakuwa nzuri; zikiwa nzuri, njia ya kuendelea na masomo iko wazi. Nikauliza huu wangu utapata nini. Akasema utapita, kwa shida.

"Basi upite kwa shida," nilisema.

Ulipita hivyo. Nafasi ya shahada ya pili sikuipata, na nilipoisikia habari hiyo nililia chooni hadi kichwa kikaniuma, kwa sababu niliitaka sana. Mwaka uliofuata nilipangiwa kufundisha katika shule ya sekondari ya wasichana upande huohuo wa magharibi wa jiji. Wiki ya kwanza mwalimu mkuu alinionyesha faili nene la barua za wazazi, wakiomba mabinti wao wasikimbie siku fulani za mwezi. Nilimwambia mgonjwa atapumzika, na asiye mgonjwa atakimbia, na kwamba kabla ya yote nitawafundisha wote kutafuta mshipa shingoni na kujihesabia mapigo wenyewe. Alinikodolea macho, akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado, nikauliza funguo za stoo ya michezo ziko wapi.